Ikizima, Usikimbilie Kuiwasha

Ndugu zangu madereva, mafundi wenzangu, na ninyi mlionunua pikipiki iliyokwisha kutumika na sasa inawazimikia njiani bila taarifa, asanteni kwa kuja kunisikiliza. Nina neno moja tu la kusema, na muda wote nitakaosimama hapa nitakuwa nalizunguka hilohilo: hitilafu ya umeme hupimwa ikiwa bado ipo.

Hebu tutazame kinachotokea kila siku. Pikipiki inazima. Mwenyewe anaisukuma pembeni, anapiga kiki, haiwaki. Anapiga tena, inawaka, anapanda anakwenda zake. Siku nyingine inazima tena, ndipo anaamua kuipeleka kwa fundi. Kwa fundi inawaka kiki ya kwanza na inanguruma vizuri kabisa. Fundi naye hana cha kupima, maana kwa saa ile hakuna kilichokatika. Anabakiwa na njia moja, kukisia. Anaanza na plagi kwa sababu ni rahisi, anafuata koili inayozalisha umeme mkali wa plagi, anamalizia na boksi la CDI, lile linaloamuru cheche itoke. Mwenye pikipiki analipia kimoja kimoja, na pikipiki bado inazima. Nimeona pikipiki zilizobadilishwa karibu nusu ya mfumo wa umeme, na ugonjwa wenyewe ulikuwa waya mmoja uliolegea kwenye soketi. Hilo huniuma, kwa sababu anayelipa mara nyingi ni mtu anayeitegemea pikipiki hiyohiyo kwa riziki yake.

Na fedha siyo kubwa kuliko yote. Injini inayokata wakati unalipita lori, au ukiwa katikati ya makutano, inaweza kukutoa roho. Ikikukuta, bana klachi mara moja ili injini iliyokufa isilishike gurudumu la nyuma, acha pikipiki iende kwa mwendo uliobaki, toka nje ya barabara. Ukishasimama pahali salama, ndipo uchunguzi unapoanza. Na unaanza kwa kutulia. Usipige kiki. Usibonyeze stata. Ushahidi uko mbele yako, na ukiiwasha tu, umeufuta.

Jiulize kwanza ilizimaje. Injini inayokosa mafuta huaga: inapoteza nguvu, inakohoa, inasitasita, pengine inakubali kidogo ukirudisha mkono, kisha ndipo inakufa. Injini iliyokatiwa umeme haiagi. Inakata palepale, sawasawa na mtu aliyezima kwa ufunguo. Kuna pia ile ya kukata na kurudi ndani ya nukta moja, na ikirudi ekzozi inalipuka kwa kishindo. Kishindo hicho kina maana yake: cheche zilipokatika, injini iliendelea kuzunguka ikisukuma mafuta yasiyoungua kwenye ekzozi, cheche ziliporudi yakawaka yote kwa pamoja. Ukisikia hivyo, tafuta kitu kilicholegea, maana kilichoharibika moja kwa moja hakirudi kirahisi namna hiyo.

Kama pikipiki yako ina mshale wa mizunguko ya injini unaotumia umeme, una shahidi mzuri sana. Utazame wakati injini inakata ilhali gia bado imeingia na gurudumu bado linaizungusha injini. Mshale ukianguka kwenye sifuri papo hapo, mara nyingi ni alama ya kuchochea cheche iliyokatika, nayo ni habari ya umeme. Ukishuka polepole kufuata mwendo wa pikipiki, upande wa cheche huenda ni mzima, geukia mafuta.

Upo ugonjwa mmoja wa mafuta unaowapoteza watu wengi kwa sababu unajifanya wa umeme. Kifuniko cha tenki kina kitundu cha kupitishia hewa. Kikiziba kwa vumbi au kutu, mafuta yanaposhuka hewa haiingii kuchukua nafasi yake, na baada ya mwendo fulani mafuta yanagoma kushuka. Injini inakufa. Ukisimama dakika chache hewa inajipenyeza, inawaka, unasema ni koili iliyopata joto. Kwa hiyo ikizima baada ya mwendo wa kawaida, fungua kifuniko cha tenki palepale. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, na baada ya hapo injini ikawaka mara moja, umekwisha kupata jibu bila kugusa waya hata mmoja.

Tuseme si mafuta. Ufunguo uache kama ulivyokuwa, umewashwa, ukatazame taa. Hapa ndipo njia inapogawanyika, na mtu akishika vizuri mgawanyiko huu ameokoa nusu ya kazi. Je, kila kitu kimekufa, au ni injini peke yake?

Kama taa ya gia huru haiwaki, honi hailii na indiketa hazipepesi, basi umeme umekatika kwenye njia ya pamoja, ile inayolisha kila kitu: vichwa vya betri, fyuzi kuu, swichi ya ufunguo, soketi kubwa iliyo kati yao, au waya wa hasi unaoingia kwenye fremu na injini, ule mafundi tunaouita eathi. Hakuna haja ya kugusa CDI. Hakuna haja ya kugusa plagi. Kama taa zote ziko hai na honi inalia kwa nguvu, lakini injini imekufa, njia ya pamoja ni nzima. Tafuta kwenye tawi la cheche: swichi ya kuzimia injini iliyo kwenye usukani, swichi ya stendi, CDI, koili ya palsa nitakayoieleza mbele, koili ya plagi, kofia ya plagi na plagi yenyewe. Ila angalia: katika pikipiki nyingi ndogo taa kubwa ya mbele hulishwa moja kwa moja na magneti, ile jenereta ndogo ya kwenye injini, inawaka injini ikizunguka tu. Hiyo usiitumie kama shahidi. Tumia honi, indiketa na taa ya gia huru.

Sasa tuiongelee betri, kwa kuwa lawama zote huanzia kwake. Multimita ya kawaida, ile mita ya kupimia umeme, inatosha. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kati ya 12.6 na 12.8. Ikisoma 12.4 imeanza kupungua, na ikikaribia 12.0 imekwisha. Bonyeza stata huku unatazama mita: ikishuka chini ya volti 10, betri ni dhaifu au vichwa vyake havijashika. Kisha washa injini, iongezee mizunguko hadi ya kati, pima palepale kwenye betri. Usomaji unatakiwa upande, uwe kati ya 13.5 na 14.5 au hapo karibu. Ukibaki 12 na kitu, magneti haichaji, au rektifaya, kifaa kinachonyoosha na kudhibiti umeme wa magneti. Ukivuka 15, rektifaya imeshindwa kuuzuia umeme na inaiunguza betri, na balbu zako zitaanza kufa moja baada ya nyingine.

Pikipiki isiyochaji vizuri ina namna yake ya kuzima, nayo ikikaa kichwani utaitambua. Haizimi kwenye mwendo wa kasi. Inazima unaposimama. Unakaribia makutano, injini inashuka mizunguko na magneti inatoa umeme kidogo; wakati huohuo umekanyaga breki, taa ya breki imewaka, indiketa inapepesa. Matumizi yamezidi kinachoingia, volti zinashuka, CDI inayotegemea betri inakosa umeme wa kutosha na injini inakata. Mtu akiniambia pikipiki yake huzima akipunguza mwendo na kuweka indiketa, naomba mita kabla ya kitu kingine chochote. Kama haichaji na magneti yako ina nyaya tatu za manjano, zichomoe kutoka kwenye rektifaya, washa injini na upime volti za umeme geu (AC kwenye mita) kati ya kila jozi. Jozi tatu zinatakiwa zilingane. Moja ikiwa chini sana, au waya wowote wa manjano ukionyesha kuungana na mwili wa injini, koili za magneti zimekufa. Zikilingana, rudi ukatazame rektifaya na soketi yake. Mara nyingi sana ukiichomoa soketi hiyo utaikuta plastiki yake imekuwa ya kahawia na imeyeyuka upande mmoja.

Nitasema na hili kwa ukali kidogo, mniwie radhi. Acheni tabia ya kuchomoa betri injini ikiwa inanguruma ili mwone kama itazima. Betri ikiondoka, hakuna tena cha kutuliza volti zinazotoka kwenye rektifaya. Zinaruka juu na zinaweza kuua CDI, kompyuta ya injini na balbu kwa mpigo mmoja. Mita inakupa jibu lilelile bila kuharibu kitu.

Nafika sasa kwenye jambo lililonileta hapa. Pikipiki iliyotumika ni tofauti na mpya kwa kitu kimoja kikubwa: maungio yake yamechoka. Vifaa vyenyewe, koili, CDI, palsa, vinaweza kudumu miaka mingi. Kinachochoka ni pale waya unapokutana na kitu kingine. Maji yameingia kwenye soketi na kuweka ule unga wa kijani. Mtikisiko umelegeza vipini vya ndani. Waya umepindwa shingoni mwa fremu kila usukani ulipogeuzwa, miaka na miaka, mpaka nyuzi za shaba zikakatika ndani ilhali ngozi ya nje ni nzima. Na waya wa namna hiyo unamdanganya fundi mwenye mita mkononi. Anaugusa, mita inasema volti 12, anasema waya huu ni mzima. Si mzima. Mita inavuta umeme mdogo mno, na uzi mmoja wa shaba unatosha kuipelekea zile volti 12. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili ni kama kamba iliyolika: ukiitundika tupu unaona kamba, mfunge nayo ng'ombe ndipo utajua unacho nini mkononi.

Kwa hiyo hatupimi kama umeme umefika. Tunapima ni kiasi gani kimepotea njiani wakati mzigo upo. Namna yake ni hii. Weka mita kwenye volti za umeme mnyoofu (DC). Ncha nyekundu iguse kichwa cha chanya cha betri. Ncha nyeusi, usiipeleke kwenye hasi. Ipeleke kwenye waya unaoilisha koili au CDI, ile iliyo mwisho wa safari. Washa ufunguo, washa taa, kanyaga breki, weka indiketa, na kama injini inakubali kuwaka iwashe. Mita sasa inakuonyesha volti zilizopotea kati ya betri na mwisho wa safari. Ikionyesha 0.1 au 0.2, njia ni safi. Ikivuka 0.5, kuna pahali panakula umeme. Basi acha ncha nyekundu palepale, rudisha nyeusi nyuma hatua kwa hatua: baada ya swichi ya kuzimia, baada ya swichi ya ufunguo, kabla ya swichi, baada ya fyuzi, kabla ya fyuzi. Pale usomaji unapoanguka ghafla, hitilafu iko kati ya sehemu hizo mbili ulizogusa. Hapo hakuna tena kukisia.

Ufanye vivyo hivyo upande wa hasi, ambao watu huusahau. Ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, kisha bonyeza stata. Ukipata volti moja nzima imepotea hapo, fungua bolti ya eathi, piga msasa mpaka chuma king'ae, rudisha ukaze. Bolti hiyo moja ikishika kutu inaleta magonjwa ya ajabu: ukiweka indiketa taa nyingine zinafifia, ukipiga honi injini inatetereka, mpaka unafikiri pikipiki ina mambo.

Mtu anaweza kuuliza, nusu volti tu, ndiyo ya kuzimisha injini? Georg Ohm, yule Mjerumani, aliiandika kanuni yake mwaka 1827 na bado inatawala kila waya tunaoushika: volti zinazopotea ni sawa na ampea zinazopita mara omu za kizuizi. Chukua ungio lenye kizuizi cha omu 0.2 tu, kidogo kiasi kwamba mita nyingi za mkononi haziwezi kukisoma kwa uhakika. Pitisha ampea 5. Umepoteza volti moja. Na hiyo volti moja kwa ampea 5 imegeuka wati 5 za joto ndani ya kijisoketi kidogo kama ncha ya kidole. Joto linalegeza kipini, kipini kilicholegea kinaongeza kizuizi, kizuizi kinaongeza joto. Ndiyo sababu ile plastiki ikawa ya kahawia. Na ndiyo sababu hitilafu ya leo ya mara moja kwa wiki, ukiiacha, itakuwa ya mara tatu kwa siku.

Niwape mfano mmoja niuonyeshe kwa karibu. Ilikuja pikipiki inayozima ikikata kona ya kushoto. Kulia haizimi, kushoto inazima, tena si kila mara. Ilikuwa na CDI mpya na koili mpya, na waya wa plagi mpya. Tuliweka ufunguo, hatukuwasha injini, tukageuza usukani polepole mpaka mwisho wa kushoto huku tunaitazama taa ya gia huru. Ikafifia kidogo sana, kiasi kwamba asiyeingoja asingeiona. Tukaweka mita kwa namna niliyoeleza, kati ya chanya ya betri na upande wa pili wa swichi ya ufunguo: usukani ukiwa katikati, 0.3, usukani kushoto, karibu volti 2, zinapanda na kushuka. Tulifungua ule mkungu wa nyaya shingoni. Kwa macho nyaya zote zilikuwa salama. Lakini ukiushika ule mwekundu kwa vidole viwili na kuupinda kidogo kidogo kufuata urefu wake, unafika pahali panapokunjika kwa ulaini usio wa kawaida, kana kwamba ndani hamna kitu. Tulipochana ngozi, nyuzi za shaba zilikuwa nyeusi na unga wa kijani, zilizoshikana zilikuwa chache mno. Tulikata kipande kibovu, tukaunga kipya kwa lehemu, tukaacha urefu wa kutosha ili usivutwe tena. Vile vifaa vipya vyote havikuwa na kosa lolote, wala vile vya zamani vilivyotupwa.

Jaribio hilo la kupapasa lifanyeni kila mara. Injini ikinguruma taratibu, geuza usukani pande zote mbili. Tikisa ufunguo ndani ya swichi yake. Mashada mazito ya funguo hulegeza swichi hizo. Vuta kidogo kila soketi, moja moja. Sukuma swichi ya kuzimia kwa kidole bila kuizima. Gonga fyuzi taratibu, maana iko fyuzi iliyopasuka ufa mwembamba kama unywele, inashika na kuachia. Injini itakuambia yenyewe.

Sasa ile inayozima ikipata joto, kisha ikipoa inawaka. Ukishaondoa kifuniko cha tenki kwenye orodha ya washukiwa, hapa koili ndizo zinazotazamwa, na zaidi ile ndogo ya palsa inayokaa karibu na magneti, kwenye joto la injini. Kazi yake ni kuiambia CDI wakati gani itoe cheche. Waya wake ni mwembamba sana, na ukiwa na mkatiko mdogo, joto linapanua vitu na ncha mbili zinaachana. Vikipoa zinagusana tena. Ukiipima asubuhi injini ikiwa baridi utaiona nzima kabisa. Palsa nyingi husoma kati ya omu 100 na 300, japo thamani ya kweli iko kwenye kitabu cha aina ya pikipiki yako. Ipime tena palepale inapozima. Usishtuke ukiona imepanda: shaba huongeza kizuizi kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ya selsiasi, kwa hiyo palsa ya omu 200 ikipata digrii 60 zaidi itasoma karibu 250, na hiyo ni afya. Ugonjwa ni pale mita inapoonyesha hakuna njia kabisa, au namba zinarukaruka. Kama huwezi kungoja izime njiani, ipashe moto ukiwa umeketi: kifaa cha kukaushia nywele kielekeze kwenye koili au kwenye CDI huku injini ikinguruma, kimoja kwa wakati wake. Ile itakayokata injini ndiyo yenyewe. Na pembeni ya barabara, kitambaa kilicholowa juu ya koili ya plagi kinaweza kukupa jibu: ikipoa na injini ikawaka mapema kuliko kawaida yake, umeipata.

Cheche nayo ipimwe hapohapo. Beba plagi nyingine nzima. Ichomeke kwenye kofia ya plagi, mwili wake uguse chuma cha injini imara, mbali na tundu la plagi ambako kuna mvuke wa petroli, na usiishike kwa mkono. Umeme ule ni maelfu ya volti. Cheche nzuri ni ya buluu na inapasuka kwa sauti. Nyembamba ya njano haitoshi. Ila hata ya buluu usiiamini kupita kiasi, kwa sababu kwenye hewa ya kawaida cheche huruka kirahisi, na ndani ya silinda, hewa ikiwa imebanwa, ni vigumu zaidi. Ndiyo maana mafundi hutumia kipimo chenye mwanya wa milimita 6 au 7, wakati mwanya wa plagi yenyewe ni sehemu tu ya milimita moja. Koili ikiruka mwanya huo bila kusita, iache ilipo. Na inayozima kwenye mvua tu, anza na kofia ya plagi na waya wake. Usiku kwenye giza, ukinyunyizia maji kidogo, unaweza kuona umeme ukitoroka kwenye ufa.

Swichi za usalama nitazipita haraka. Ikizima kila unapoingiza gia, tazama swichi ya stendi ya pembeni. Tope na mtikisiko huiharibu. Ikizima kwenye matuta, huenda springi ya stendi imechoka na stendi inashuka kidogo. Unaruhusiwa kuziunganisha nyaya zake kwa muda ili kuthibitisha. Ukithibitisha, weka swichi mpya, usiache nyaya zimeunganishwa, kwa sababu stendi iliyosahauliwa chini inaangusha watu kwenye kona.

Kwa aliyenunua pikipiki iliyotumika kuna kazi ya kufanya kabla hata ya kupima, na mimi naipenda kuliko zote. Fungua kiti, ondoa tenki, fuata kila waya ambao haukutoka kiwandani. Taa za ziada, chaja ya simu, redio, na hasa king'ora cha wizi chenye kifaa cha kukata injini. Aliyevifunga mara nyingi amechana waya mkuu, amesokota mwingine juu yake na kuzungusha tepu. Tepu imeshapoteza gundi. Kile king'ora kina relei ndani, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, iliyokaa katikati ya njia ya cheche. Ikilegea, inakata injini kama ilivyotengenezwa kufanya, ila kwa wakati usiotakiwa. Viondoe vyote kwanza, rudisha njia ya asili, endesha. Kama pikipiki imeacha kuzima, unaweza kuvirudisha kimoja kimoja, kila kimoja na fyuzi yake.

Pikipiki zenye injekta, zile zinazonyunyizia mafuta kwa amri ya kompyuta badala ya kabureta, zina mambo ya ziada. Ukiwasha ufunguo, pampu ya mafuta inatakiwa ilie sekunde mbili tatu kisha inyamaze. Isipolia, tafuta relei na fyuzi yake kabla ya kuilaumu pampu. Taa ya injini ikipepesa, hesabu mipepeso, kitabu kitakuambia ni sensa ipi. Na ikiwa pikipiki iliwahi kuanguka, tazama sensa ya kuanguka: ikilegea kwenye mkao wake, kompyuta hudhani pikipiki imelala na kukata kila kitu.

Ukikuta fyuzi imeungua, usiweke kubwa zaidi, wala karatasi ya sigara, wala kipande cha waya. Kuna shoti pahali, na fyuzi ndiyo inayozuia moto usishike mkungu wa nyaya ulio chini ya tenki la petroli. Chukua balbu ya volti 12 yenye nyaya mbili, iweke mahali pa fyuzi. Itawaka kwa nguvu kwa sababu ya shoti. Sasa chomoa soketi moja moja. Soketi itakayoifanya balbu ifife au izime ndiyo inayoongoza kwenye waya uliokwaruzwa na kugusa fremu.

Ukishapata na kutengeneza, bado hujamaliza. Ungio liwe la lehemu au la kubanwa kwa koleo yake, livikwe mpira unaonywea kwa joto, na waya ufungwe mahali pasipovutwa na usukani. Pima tena volti zinazopotea, uandike namba kwenye karatasi ikae chini ya kiti pamoja na tarehe, ili fundi atakayefuata ajue njia ilikuwa na hali gani. Kisha irudishe pikipiki kwenye mazingira yaleyale iliyokuwa ikizimia. Kama ilizima ikiwa na joto, endesha mpaka ipate joto lile, tena kwa mwendo ule. Kama ilizima kwenye kona ya kushoto, kata kona za kushoto mahali penye nafasi na pasipo na magari. Kama ilizima kwenye mvua, imwagie maji kofia ya plagi injini ikinguruma. Na mita ibaki kwenye mfuko wa koti mpaka hapo, kwa sababu ikizima tena mikononi mwako, saa ileile ndiyo ya kupima.